Kondoo Waliouzidi Mlima

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupima majani. Mwaka wa 1990, kila asubuhi, nilitoka nyumbani kwetu Rwezamenyo, mtaa wa mjini, nikateremka bondeni na kupanda upande wa pili mpaka kwenye shamba la majaribio lililokuwa juu ya mgongo wa Rebero. Wakati ule huko juu kulikuwa na malisho, mashamba ya mtama na nyumba chache za udongo. Nilibeba fremu ya chuma ya mraba, mundu, mifuko ya karatasi na daftari. Fremu niliirusha bila kutazama, nikakata majani yote yaliyobaki ndani yake, nikayakausha, nikayapima, nikaandika. Mara moja kwa mwezi tuliwapima kondoo wenyewe.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule ya kilimo, na kwa sababu baba yangu alikuwa mchuuzi wa mbuzi na kondoo. Tangu utotoni nilijua kumshika kondoo asiruke, na kumfungua mdomo nikajua umri wake kwa meno. Watu wengi wa milimani hawakula nyama ya kondoo. Waliona vibaya hata kuizungumzia. Waliwafuga kwa ajili ya ngozi ya kubebea watoto, na kwa sababu kondoo akiwa zizini pamoja na ng'ombe, walisema, nyumba hutulia. Sisi Waislamu wa Rwezamenyo tuliwala. Kwa hiyo kondoo waliozeeka huko juu walishukia kwetu, na wengi wao walipitia mikononi mwa baba.

Mkuu wa shamba alikuwa mtaalamu aliyesomea ng'ambo, mtu nadhifu, mpole wa kusema. Swali lake lilikuwa fupi. Malisho ya mlimani, kwenye udongo mwekundu na mchachu kama ule, yanaweza kubeba kondoo wangapi bila kuharibika? Na yakitiwa mbolea, yanaweza kubeba wangapi zaidi? Shamba lilikatwa vipande vitatu kwa waya. Cha kwanza hakikutiwa kitu. Cha pili kilitiwa chokaa na mbolea ya chumvichumvi kila mvua. Cha tatu kilitiwa mvua mbili tu, kisha kikaachwa, ili tuone kitakavyokuwa.

Sijasahau mvua ya kwanza baada ya kumwaga mbolea. Wiki mbili tu, na kipande cha pili kilikuwa cheusi kwa ukijani. Mundu ulizama. Mifuko yangu ya karatasi ilijaa mpaka ikapasuka. Tuliongeza kondoo mara ya kwanza, majani yakabaki. Tukaongeza tena, yakabaki. Palipokuwa pakilisha kondoo watano sasa palilisha tisa, nao walinenepa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na niliamini kwamba nimeona dawa ya umaskini kwa macho yangu.

Chini ya shamba letu, nyuma ya ua wa minyaa, aliishi mama mmoja mjane. Umri wake ulikuwa kama wa bibi yangu. Watoto wake wawili walikuwa wamehama nchi zamani, mmoja akiwa Burundi na mwingine sikujua wapi. Alikuwa na kipande cha mlima alichoachiwa na mume wake, kondoo kumi na mmoja na ng'ombe jike mmoja, ambaye shemeji zake walimpa walipomaliza matanga. Kiswahili chake alikiokota kwenye stendi ya Nyabugogo, miaka ile mume wake alipokuwa mpakiaji wa malori. Aliniita mwana wanjye, mwanangu, tangu siku ya kwanza aliponiona nikikata majani kwa mundu na kuyatia kwenye karatasi.

"Mwana wanjye, hiyo majani iko na ugonjwa gani?" aliniuliza kutoka upande wake wa ua.

"Haina ugonjwa, Mama. Tunaipima."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kuanzia hapo, nikimaliza kazi, nilipita kwake kunywa maziwa. Alinionyesha vitu ambavyo sikufundishwa shuleni. Katikati ya majani yake kulikuwa na mmea mdogo unaotambaa, wenye maua ya zambarau. Kondoo jike aliyezaa, alisema, huutafuta huo kwanza. Marehemu mume wake alikataa kabisa kuongeza kondoo. Kila walipopita kumi na wawili, alimteremsha mmoja mjini.

Mtaalamu alipomwona mama yule, alimwona kwa jicho jingine. Wafadhili walikuwa wakitaka kujua kama matokeo ya shamba yanaweza kuhamia kwa mkulima wa kawaida. Alinitoa pembeni siku moja, tukazungumza Kinyarwanda kama kawaida yetu.

"Yule mama mzee, mukecuru wako, anakupenda," alisema. "Mwambie tutampa mbolea bure. Lakini kondoo kumi na mmoja hawataonyesha kitu. Wageni wanataka kuona mlima umejaa."

Nilimwendea jioni ileile, jua likiwa bado juu. Nilimweleza kila kitu, nikamchorea kwa kijiti ardhini: hapa majani bila mbolea, hapa majani na mbolea, hapa kondoo. Alisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na hiyo chumvi yenu ikiisha?"

"Haitaisha, Mama. Ghala imejaa."

"Mimi nasema ikiisha."

"Haitaisha," nikarudia. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua. Ghala niliyoiona imejaa ilikuwa imejaa siku hiyo tu, na sikujiuliza zaidi ya hapo.

Kondoo wa kuongeza walitoka kwa baba. Mama hakuwa na cha kuwabadilishia ila yule ng'ombe. Baba, ambaye alikuwa mtu wa haki katika biashara yake, alimuuliza mara mbili kama ana hakika, kwa sababu kwa watu wa huko kumtoa ng'ombe si jambo la kawaida. Mama alinitazama mimi. Mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akaifungua kamba mwenyewe na kumkabidhi baba, akageuka akaingia ndani. Majike kumi na wanne wakapanda mlima siku hiyo, nikiwa nyuma yao na fimbo, nikiwa na furaha kama anayepeleka mahari.

Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mvua zilikuja, mbolea tuliimwaga kwa mikono, mimi na yeye, tukitembea bega kwa bega. Mlima ukawa kijani kile cheusi. Majike wakazaa, wengine mapacha. Wageni walikuja na magari matatu, wakampiga picha mama akiwa amebeba mwana-kondoo, wakampa kitenge. Ubao ulisimikwa kando ya njia. Mtaalamu alisema mbele ya wote kwamba mkulima huyu ni mfano kwa milima yote ya nchi. Mama aliniuliza baadaye amesema nini, nikamtafsiria, akajifunika uso kwa mkono kama msichana.

Vita vilikuwa vimeanza upande wa kaskazini mwezi wa Oktoba wa mwaka ule wa tisini. Mwanzoni sisi wa mjini tulivisikia redioni na kwenye vizuizi vya barabarani, ambako walitazama vitambulisho vyetu kwa muda mrefu kuliko zamani. Sikuvihusisha na majani. Lakini mbolea ilikuwa ikija kwa malori kutoka bandarini, na malori yale yalipita Uganda, na njia ile ilifungwa. Iliyobaki ni ya kupitia Tanzania, ndefu, na malori yaliyokuja kwa njia hiyo yalikuwa na mambo mengine ya kubeba. Mwaka wa 1992, mvua za Machi zilipokaribia, nilifungua ghala nikakuta magunia machache yamesukumwa kwenye kona. Wiki iliyofuata na hayo hayakuwepo. Msimamizi wa ghala aliniambia yamekwenda kwenye viazi vya wakubwa, akanishauri nisiulize ni wakubwa gani.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa katikati, nilikaa chini na madaftari yangu ya kipande cha tatu.

Kipande kile tulikuwa tumekiacha bila mbolea, lakini kondoo hatukuwapunguza. Ndivyo mtaalamu alivyotaka. Mvua ya kwanza bila mbolea majani yalishuka kidogo. Mvua ya pili yalishuka sana. Mvua ya tatu, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika uzito uliokuwa chini ya uzito wa kipande cha kwanza, kile ambacho hatukukitia kitu tangu mwanzo. Nilidhani mizani imeharibika, nikapima tena. Mizani ilikuwa nzima. Majani yaliyokua kwa mbolea yalikuwa yameusonga ule mmea mdogo wa maua ya zambarau mpaka ukatoweka, na kumbe huo ndio uliokuwa ukirutubisha udongo siku zote bila kuombwa. Mbolea ilipokoma hapakuwa na kitu cha kushika nafasi yake. Na kondoo tisa wa wakati wa mbolea walikuwa bado pale, wakila mpaka shina, mpaka mzizi.

Nilimpelekea mtaalamu daftari mezani kwake.

"Tumwambie Mama apunguze kondoo," nilisema. "Sasa hivi, kabla ya kiangazi. Ana zaidi ya thelathini. Mlima wake utakuwa kama hiki kipande."

Alizipitia kurasa, hakushangaa. Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kwamba hakushangaa.

"Mwezi wa tano kuna wageni wengine," alisema. "Wakikuta zizi limepungua nusu, watasema mradi umeshindwa, watafunga mkoba. Baada ya ziara tutamwambia."

"Na majani?"

"Majani yatavumilia mwezi mmoja."

Nilikuwa na miguu. Kutoka mezani kwake mpaka kwa mama ni hatua ambazo ningeweza kuzitembea huku nikila muhindi wa kuchoma. Sikwenda. Nilijiambia kwamba yeye ni mtaalamu na mimi ni karani wa majani. Nilijiambia kwamba mshahara wangu ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zangu, na hilo lilikuwa kweli. Niliacha kupita kwa mama kunywa maziwa, kwa kisingizio cha kazi nyingi.

Wageni wa mwezi wa tano hawakuja. Barabara hazikuwa salama, ikasemwa. Mwezi wa sita mtaalamu alipata safari ya masomo, akaondoka na mke na watoto, na aliniachia kazi ya kupiga taarifa ya mwisho kwa mashine, kutoka kwenye karatasi alizoziandika kwa mkono. Ilikuwa taarifa nzuri. Ilisema kwamba kwa mbolea malisho ya mlimani yanaweza kubeba karibu mara mbili ya kondoo wa awali. Ilimtaja mkulima mmoja mjane kama ushahidi. Kipande cha tatu hakikuwemo. Nilizitafuta kurasa zake mara mbili kwenye rundo, nikidhani zimeanguka. Kisha nikaipiga taarifa kama ilivyokuwa, nakala tatu, nikaibandika jalada.

Kiangazi cha mwaka ule kiliukausha mlima wa mama ukawa rangi ya ngozi. Nilikuwa nikiuona kutoka juu. Kondoo walitembea kutwa nzima bila kuinua vichwa, na walipofika kwenye ua walitafuna hata minyaa, ambayo utomvu wake unachoma. Mwezi wa tisa mvua kubwa ya kwanza iliponyesha haikukuta kitu cha kuishikilia. Udongo uliteremka wote kwa pamoja. Asubuhi yake palikuwa na korongo katikati ya malisho, ambalo mtu angeweza kusimama ndani mpaka kifuani, na chini kabisa, kwenye shamba la maharage la jirani, kulikuwa na tope jekundu na kondoo wawili waliokufa.

Wiki ile ile mama alikuja Rwezamenyo. Alikuja kwa miguu, mchana, amevaa kile kitenge cha wageni, akiwa anavuta majike sita kwa kamba moja. Hawakuhitaji kuvutwa kwa nguvu. Hawakuwa na nguvu ya kukataa. Baba alitoka nje akawapapasa migongo. Mifupa ilikuwa inahesabika.

"Hawa siwezi kuwauza kama nyama, Mama," alisema kwa upole. "Labda ngozi."

"Chukua," alisema. "Wengine iko nyumbani. Wanazaa, wanakataa watoto. Maziwa hakuna."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniona. Nilitaka aniite mwana wanjye, hata kwa hasira. Hakuniita kitu.

"Wewe ulikuwa unaandika kila siku," alisema. "Ulikuwa unaandika nini?"

Baba alinigeukia, akaniangalia usoni, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba nilijua. Aliingia ndani akatoka na maji ya kunywa, akampa mama kiti kivulini. Mama akanywa, akashukuru, akaondoka na kamba yake mkononi. Baba hakunifokea. Alisema tu, "Yule ng'ombe nilimuuza sokoni Gatsata. Sijui hata aliko," akarudi kwa wanyama wake. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za kazi.

Nilifanya jambo moja, na lilikuwa la kijinga. Magunia mawili ya mbolea yalifika shambani mwezi wa kumi, kwa ajili ya bustani ya mkuu mpya. Niliyapakia kwenye mkokoteni mchana kweupe, nikayasukuma mpaka kwa mama, nikayatua mbele ya nyumba. Alitoka akayatazama.

"Rudisha."

"Mama, mvua zimeanza, tukimwaga leo—"

"Tumwage wapi?" Alinyoosha mkono kuelekea korongo. "Udongo iko chini kwa jirani. Tumwage kwake?"

Nilisema nisamehe. Nililisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, ili lisipotee njiani. Aliniambia kwamba amebakiwa na kondoo wanne na kwamba hajui kama na hao watamaliza mwaka. Aliniambia kwamba anapokwenda kuomba maziwa kwa shemeji zake, wanamuuliza ng'ombe wao yuko wapi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alirudi ndani kupepeta mtama. Niliyasukuma magunia mpaka shambani, na kwa kuwa mkuu mpya alikuwa ameshagundua, niliachishwa kazi kabla ya mwezi kuisha. Watu walinipa pole. Sikujua nizipokee vipi.

Mwaka wa 1993 shamba lenyewe lilifungwa. Kondoo wa vipande vyote vitatu waliliwa na askari waliokuwa wakipiga kambi karibu. Mimi nilikuwa nikimsaidia baba sokoni. Nilipanda Rebero mara moja tu, wakati wa Idd, na mguu wa kondoo uliofungwa kwenye jani la mgomba, nikakumbuka njiani kwamba mama yule hali nyama ile. Nikakaa kando ya njia nikijiona mpumbavu. Nikageuza.

Aprili ya mwaka uliofuata sitaielezea hapa. Sisi wa mtaa wetu tulijificha wengi pamoja, wengine tukapona. Baba hakupona. Mama wa Rebero aliuawa katika wiki ya kwanza, nyumbani kwake, na watu waliokuwa wakimfahamu. Niliambiwa mwezi wa nane na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mkaa. Alilisema kwa kifupi, kama watu walivyokuwa wakisema mambo siku zile, kisha akanipimia mkaa.

Nilipanda huko mwishoni mwa mwaka. Juu kulikuwa na mahandaki na maganda ya risasi, na nyumba yake ilikuwa kuta mbili. Lakini majani yalinifika kiunoni. Miezi mingi hapakuwa na mdomo wa kuyala. Niliinama nikayachambua kwa vidole, jinsi nilivyokuwa nikifanya kazini, na nikaona yalikuwa majani ya kawaida, magumu, ya mlimani, yaliyokua bila mtu na bila mbolea. Nilikasirika nayo. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa korongo na fimbo ndefu. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka ukimbizini Uganda baada ya vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza kama mimi ni mwenyeji.

"Hii sehemu naona ni nzuri," alisema. "Niko na ng'ombe arobaini wanakuja. Inaweza kubeba?"

"Haiwezi," nilisema. "Hata nusu yao haiwezi. Ukiwaleta wote, miaka miwili hutakuwa na kitu hapa."

"Lakini ona majani."

"Naona."

Nilimweleza. Nilimweleza yote, safari hii, bila kuacha ukurasa: vipande vitatu, mmea wa zambarau, mbolea, kondoo, korongo lilivyokatika. Nilimwambia ardhi ile ilikuwa ya nani na alikufa vipi. Alivua kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kuna mahali macho yake yalilowa. Kisha akasema kwamba ananishukuru sana, dada, na kwamba tatizo ni moja, ng'ombe tayari wako njiani na hana pengine pa kuwapeleka.

Walifika wiki iliyofuata. Nilisikia kutoka kwa watu kwamba walikuwa wengi zaidi ya arobaini.